Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU: Anayehamia chuo naye ni mgeni

Ndugu Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,

Shikamoo.

Mimi nina namba mbili za usajili wa chuo kikuu. Ya kwanza niliipata katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, siku moja na wenzangu wote, tukicheka kwenye foleni. Ya pili niliipata mwaka uliofuata, Dar es Salaam, dirishani, kwa mama mmoja aliyekuwa anakula mihogo. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi bila kunitazama. Sina kinyongo naye, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nakuandikia kwa sababu ya ile namba ya pili: naomba vyuo viwapokee wageni wao, wa mwaka wa kwanza na wanaohamia, kwa kambi ya siku 3 wiki ya kwanza ya masomo.

Nilihamia nikiwa mwaka wa pili. Karatasi zangu zilichelewa, nikaripoti wiki ya nne ya muhula. Makundi ya kazi za darasani yalikuwa yameshapangwa na testi ya kwanza ilikuwa imeshapita. Hosteli nilikosa, nikabebwa na dada mmoja niliyekutana naye kwenye daladala, tukalala wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. (Anayejua maana ya kubebana hahitaji maelezo, na asiyejua ashukuru.) Bumu langu lilikuwa bado linasomeka chuo cha zamani, maana mkopo nao unahamishwa kwa maombi yake, na mimi sikujua kama kuna maombi ya namna hiyo.

Kilichonisumbua zaidi ya hayo yote ni kwamba kila mtu alidhani najua. Wa mwaka wa kwanza anasamehewa. Akipotea anaonyeshwa njia, akiuliza swali la kijinga watu wanatabasamu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili haulizi maktaba iko wapi. Nilikaa majuma matatu nikisoma peke yangu kwenye kimbweta cha pembeni (meza ya kusomea ya nje), nikijifanya nasubiri mtu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba hali hiyo ina jina. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, John Hills, aliiita mshtuko wa uhamisho. Aliona kuwa wanafunzi wanaohama chuo huporomoka alama katika muhula wa mwanzo, kisha wengi wao huinuka tena. Kwetu, ambako sapu (mitihani ya kurudia) mbili tatu zinatosha kumtoa mtu usingizini na GPA, yaani wastani wa alama, ikiteleza mno unadisko, unaondolewa chuoni, huo muhula mmoja wa kuporomoka si jambo dogo. Wapo wasiofika kwenye kuinuka.

Mimi niliinuka kwa sababu ya gunia la viazi. Januari wanafunzi wa dhehebu langu walikwenda mafungo ya siku 3 Bagamoyo, na nakiri mbele ya Mungu kwamba nilikwenda kwa sababu chakula kilikuwa kimeshalipiwa. Jioni ya kwanza nikapangwa jikoni kumenya viazi na dada wa mwaka wa tatu. Kabla gunia halijafika nusu, nilikuwa nimeshajua namna ya kuhamisha mkopo, namna ya kumwandikia mhadhiri kuomba testi niliyoikosa, siaraa (kiongozi wa darasa) gani anaweza kuniingiza kwenye kundi lenye nafasi, na duka gani la stesheneri linauza nondo za kusomea za mwaka uliopita. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa siri. Nilikuwa nimekosa tu mtu wa kumenya naye viazi.

Nilirudi chuoni na watu kumi na wawili wa kuwasalimia. Ukiniuliza shahada yangu ilianzia wapi, nitakwambia jikoni kule.

Sasa ndugu Katibu Mtendaji, hapo ndipo lilipo jambo langu. Kambi za wanafunzi zipo. Madhehebu yanaziandaa, vyama vya siasa vinaziandaa kupitia matawi yao ya vyuoni, na hata wanafunzi wa mkoa mmoja wakipata mfadhili wanakodi basi. Hao wote nawapongeza. Ila angalia kinachotokea: kijana anatoka Kigoma au Pemba kwa mara ya kwanza, anafika kwenye chuo cha umma kilichojengwa ili Watanzania wachanganyike, na watu pekee wanaomkaribisha kwa siku 3 mfululizo ni wa kanisa lake, msikiti wake, chama chake au kabila lake. Asiye na kundi hapokewi na mtu. Yule dada aliyenibeba kitandani kwake hakuwa wa dini yangu, kwa hiyo Bagamoyo sikwenda naye. Jambo hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo.

Utaniambia ipo wiki ya orientesheni. Ipo, nimehudhuria moja na nyingine nimeikosa, kwa hiyo naweza kulinganisha. Wanafunzi mia kadhaa wanaingizwa ukumbini. Anasimama kiongozi wa kwanza, anamkaribisha wa pili, wa pili anawatambua waliotangulia kutambuliwa. Maktaba dakika kumi, bima ya afya dakika kumi, polisi dakika ishirini. Nje ya ukumbi mabanda ya benki na ya makampuni ya simu yanagawa laini na fulana, na ukweli ni kwamba wale vijana wa mabanda ndio pekee wanaokuuliza jina lako. Ndani ya ukumbi ule hakuna binti atakayenyoosha mkono kuuliza afanye nini mhadhiri akimwambia aje ofisini saa mbili usiku. Jibu lipo, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono bila kumung'unya. Lakini swali lile huulizwa jikoni, usiku, na mtu mliyekula naye sahani moja, tena kwa Kiswahili. Ukumbini tunahutubiana Kiingereza, na nusu ya wageni wanaogopa kuulizia choo.

Wazo la kuwatenga wageni kwa muda kabla ya kuwaingiza si la kuagiza nje. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu watoto wa kiume wakipelekwa jandoni wanakaa kumbini, mbali na kijiji, pamoja na waliopita kabla yao, na wakitoka kumbi linachomwa moto. Wasichana nao wana unyago na somo wao. Mengi yanayofundishwa humo siyatetei, na mengine nayapinga waziwazi. Ila wazee wetu walishajua kwamba mtu hahami kutoka hali moja kwenda nyingine kwa kupewa karatasi dirishani. Msomi wa Kifaransa, Arnold van Gennep, aliandika juu ya miviga ya namna hiyo mwaka 1909, akaigawa katika hatua za kutengwa, kuvuka na kupokewa. Na mwaka 1988 Vincent Tinto, Mmarekani aliyejulikana kwa kuchunguza kwa nini wanafunzi wanaacha vyuo, aliyachukua mawazo hayo hayo kueleza safari ya mwanafunzi mpya. Kwa hiyo tunachokiona cha Masasi kimeshazunguka Paris na New York, sisi wenyewe tukakiacha mlangoni.

Hata serikali yetu inalijua hili. Mwaka 2006, uongozi mpya ulipoingia madarakani, mawaziri na makatibu wakuu walipelekwa semina elekezi Ngurdoto, Arusha. Hawakuambiwa kila mtu asome maelekezo ya kujiunga kwenye tovuti. Kama waziri mwenye miaka hamsini na dereva wake anahitaji siku kadhaa za kufundwa mbali na ofisi, sijui kwa nini binti wa miaka kumi na tisa mwenye begi moja asihitaji.

Wengine watasema vijana wameshapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Kwanza si wote wanaokwenda. Pili, waliokimbia pamoja mchakamchaka Oljoro au Bulombora wanatawanyika, mmoja Mzumbe, mwingine Mbeya, mwingine Zanzibar. JKT inamfundisha ukakamavu, na nilipenda kule, lakini hakuna afande atakayemweleza kwamba kwenye vyuo vyetu vingi kozi weki (kazi na testi za muhula) ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na kwamba ukizembea hizo 40 mtihani hautakuokoa. Na kwa heshima zote, kambi ninayoisema isiwe ya lazima. Ya kulazimisha tuna historia yake: Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya JKT, na karibu 400 wakarudishwa makwao.

Fedha. Najua ndiyo swali lako la kwanza, nimelichelewesha makusudi. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kufikia Sh 10,000 kwa siku mwaka 2022, kwa hiyo serikali yenyewe inaamini mwanafunzi anaweza kula na kulala kwa kiasi hicho. Siku 3 ni Sh 30,000, ongeza nauli. Enzi zangu tulikuwa tunalipa Sh 20,000 kila mwaka za udhibiti ubora, nazo ziliandikwa wazi kwenye fomu kuwa ni za Tume. Sidai zirudishwe. Nasema tu kwamba mtu anayepokewa vizuri naye ni sehemu ya ubora.

Mahali napo si pa kujenga. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wana msitu wa mafunzo Olmotonyi na mwingine Mazumbai kule Usambara. Muhimbili wana kituo cha kufundishia Bagamoyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko zaidi ya 50 nchi nzima, vina mabweni, vina majiko, vina mashamba ya mboga. Hatuhitaji hoteli, na tafadhali tusipeleke wazo hili hotelini, maana litageuka kuwa posho za maafisa, na wanafunzi watabaki kwenye picha ya pamoja.

Muda pia upo. Wiki ya kwanza ya masomo kila mtu anajua kinachofundishwa: mhadhiri anakuja, anataja vitabu, anagawa kozi autilaini (mpango wa somo), anaondoka. Siku 3 za wiki hiyo hazitamdumaza mtu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi chuoni tunampa jembe kabla hajaketi, halafu tunamshangaa akilima vibaya.

Nikirudi kwa wanaohama, nataka wasisahaulike hata mpango huu ukikubaliwa, kwa sababu ndio husahaulika kila mara. Wapo waliohama kwa ugonjwa, wapo waliofuata mume au kumtunza mzazi, wapo waliokosea kozi. Na wapo ambao hawakuomba. Mwaka 2016 peke yake, Tume ilipofuta vibali vya vyuo kule Songea, wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine. Mwaka huo huo zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na wengi wao wakapangiwa vyuo vya ualimu. Sitaki kufufua mjadala wa kama uamuzi ulikuwa sahihi. Ninachofikiria ni ile asubuhi ya kwanza, mtu na godoro lake mbele ya geti jipya, akijua kwamba watakaomwona watasema, huyu ni wa kile chuo kilichofungwa.

Mtu wa namna hiyo ukimweka ukumbini na wa mwaka wa kwanza atajiona amerudishwa darasa. Ukimwacha na wenzake wa mwaka wa pili atajificha. Mweke kambini siku 3, umpe na yeye kazi: ameshaishi chuo kingine, anajua sapu ni nini, anaweza kumtuliza mtoto wa mwaka wa kwanza anayelia kwa kukumbuka nyumbani. Jikoni kule Bagamoyo, usiku wa pili, kijana wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama ni kweli mtihani wa takwimu unaua. Nilimjibu. Ndiyo mara ya kwanza tangu nihamie mtu kuniuliza kitu nilichokuwa nakijua.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Sihitaji uagize vyuo vyote kwa waraka mmoja, tumeona nyaraka zinavyoishia kwenye mafaili. Chagua vyuo viwili vitatu vilivyo tayari, vijaribu kwa mwaka mmoja, wa mwaka wa tatu wawe ndio wenyeji na viongozi wafike siku ya mwisho tu, wale ugali, waondoke. Mwisho wa muhula linganisheni matokeo ya waliokwenda na wasiokwenda, mtutangazie hata kama kambi haikusaidia kitu.

Hilo likiwa zito kwa sasa, basi anza na dogo. Dirisha la uhamisho likifunguliwa tena, kwenye fomu ile ongeza mstari mmoja ambao chuo kinachopokea ndicho kitakachoujaza: jina na namba ya simu ya mwanafunzi atakayemngoja mgeni getini.

Wako,
Mwenye namba mbili za usajili