Kwako mdogo wangu, kuhusu kile kijungu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa. Watakaosoma wasome.

Kwanza hongera ya mtoto. Nimemwona kwenye picha uliyomtumia shangazi. Paji la uso ni la mama, usibishe.

Nasikia unasimulia kwamba dada yako aliwaacha wageni wa arobaini ya mama akaja kukufokea kwa ajili ya samaki. Nilifoka, sikatai. Ila simulia yote. Asubuhi, tukichambua mchele wa pilau, nilikuambia kijungu kilichomo kwenye tangi kisiguswe, dume analalia siku ya nne. Ukaitikia. Jike akishataga huenda zake. Dume ndiye anayebaki mle ndani akipepea mayai kwa mapezi usiku na mchana, karibu hali kitu. Saa kumi nakukuta umekunja mkono wa gauni, kijungu umekiinua nje ya maji, unawaonyesha watoto "mdudu mwenye ndevu". Maji yanachuruzika mkekani. Dume akachomoka, akaanguka pwaa, na kishada cha mayai ya rangi ya chungwa kikamfuata sakafuni. Ukacheka.

Si mdudu. Ni Ancistrus, kambale wa Amerika Kusini, na zile si ndevu, ni vinyama vinavyoota puani.

Kicheko ningekimeza. Lakini ukageuka mbele ya shangazi ukasema laiti mama ningemtunza hivyo. Wewe uliyekuja na treni ukakaa siku tisa! Nani alikuwa akimgeuza usiku? Na hujui kwamba wale samaki walikuwa wake kuliko wangu. Usingizi ukimkataa alikaa mbele ya tangi, maana nao huamka usiku. Umeme ukikatika pampu ya hewa inazima, basi mimi nachota maji kwa kikombe nayamwaga kutoka juu yapate hewa, yeye ananishikia tochi. Akaniambia, "Mwanamume wa kukaa na watoto hivi, Ujiji nzima sijamwona." Tukacheka mpaka akakohoa.

Shangazi anasema shemeji amenunua tangi. Vizuri. Weka kipande cha gogo, wanakikwangua. Wape tango, lakini masalio yatoe asubuhi yasiozee mle. Maji badilisha robo kila wiki, usiyamalize yote. Ya bomba yenye klorini yatie dawa ya kuiondoa kwanza. Joto nyuzi 25 linatosha. Haya ya ziwa letu ni magumu, yana madini mengi, mimi nachanganya na ya mvua. Na mkichoka nao msiwamwage mtoni, samaki wa ugenini hao. Mimi hata maji yao machafu namwagia migomba, na ziwa liko pale chini naliona.

Dume akilalia, mulika tochi kwa pembeni, basi. Akishtuliwa huweza kuyasukuma mayai nje mwenyewe. Unaona sasa? Sikuwa na wazimu siku ile. Labda sauti ilizidi, maana kulikuwa na wageni wanasikia.

Dume yule alikaa miezi bila kukisogelea kijungu. Wiki iliyopita watoto wake wameanguliwa, bado wana kiini tumboni, wameng'ang'ania ukutani mwa kijungu. Sita nitawatenga wa mtoto, wakishakomaa kidogo. Atakayekuja kuwachukua aje na ndoo yenye mfuniko, treni inatikisa.

Dada yako