Barua kwa Salma: usiitupe ile mishipa

Salma dada yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wazima, na mimi mwenyewe sijambo isipokuwa kikohozi kisichotaka kuisha. Barua yako imenikuta katikati ya kusahihisha mitihani. Nilidhani nitaisoma haraka kisha nikujibu kwa nafasi baadaye, lakini safari yako imekaribia na kuna jambo ndani yake limeninyima raha.

Umeandika kwamba ukifika Syros, kile kisiwa cha Ugiriki, utachukua vipande vya mwamba “safi” tu, mbali na mishipa, yaani ile mistari ya madini inayokatiza mwamba, na kwamba mshipa ukikatiza sampuli utauchonga na kuutupa. Salma, nakusihi usifanye hivyo.

Hoja yako naijua, ndiyo tuliyofundishwa sote: mshipa umekuja baadaye, unavuruga kemia ya mwamba mzima. Kwa mtu anayetaka kujua basalti ile, lava ya zamani iliyoganda, ilizaliwa bahari gani, sawa. Lakini wewe unafuatilia maji. Unataka kujua yalivyotoka kwenye bamba la bahari, lile tabaka gumu la mwamba chini ya bahari, lilipokuwa likizama ndani ya dunia. Sasa utayatafuta wapi, kama si kwenye njia yalimopita?

Vitabu vinasimulia vizuri mwanzo na mwisho. Bamba linazama likiwa limebeba maji ndani ya fuwele zenyewe za madini. Losoniti ina maji zaidi ya asilimia 11 ya uzito wake, sepentini karibu 12 au 13, na ukizishika mkononi ni mawe makavu kabisa. Joto na mgandamizo vikiongezeka, losoniti na mwenzake glaukofani, madini ya buluu, zinavunjika, na mwamba uliokuwa nazo, shisti ya buluu, unageuka mwamba mwingine, eklojiti: ganeti nyekundu ndani ya omfasiti ya kijani, madini ambayo hayana nafasi ya maji ya maana. Maji yanatoka. Huko juu, kwenye koti la dunia, tabaka nene lililo chini ya ganda la juu, yanashusha kiwango cha joto cha kuyeyusha mwamba kwa mamia ya nyuzi, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapatikana, na volkeno zinajipanga mstari, mara nyingi kilomita kama 100 juu ya bamba lililozama. Huo ndio mwisho, na wanafunzi wanaukariri.

Katikati ndipo panaporukwa. Maji yanatokaje ndani ya mwamba uliofukiwa kilomita 50, 60, 80, uliobanwa hata hakuna upenyo? Bakari bado anawaambia wanafunzi wake wafikirie sifongo likiminywa. Nimemwandikia kwamba mfano huo unapotosha. Sifongo lina matundu kabla hujaliminya. Mwamba ule hauna. Matundu yanazaliwa na mabadiliko yenyewe ya madini, kwa sababu madini mapya yamesongamana zaidi na yanachukua nafasi ndogo. Basalti ina densiti ya takriban gramu 3.0 kwa sentimita ya ujazo, eklojiti inafika 3.4 au 3.5. Kwa hiyo fuwele ya zamani inapokufa, mpya haijazi mahali pote pa marehemu. Inabaki nafasi ndogo mno, na maji yaliyotolewa yanakaa humo humo, yakisukuma kuta. Nafasi hizo zikiungana, njia imepatikana. Maji hufuata mkondo, wahenga wamesema. Huko chini yanauchimba kwanza.

Na hili si la kufikirika tu. Mwaka 2017 ilitoka kazi ya Plümper na wenzake kuhusu sepentini za Erro-Tobbio, kule Liguria, kaskazini ya Italia. Walionyesha kuwa mwamba ule haukutoa maji kila mahali kwa wakati mmoja. Kemia yake ilitofautiana sehemu na sehemu, tofauti ndogo zisizoonekana kwa macho, na zile sehemu zilizokuwa tayari ndizo zilizovunjika kwanza. Vinyweleo vya kiwango cha darubini vikaungana kuwa mifereji, mifereji ikakusanyika kuwa mishipa mikubwa. Umeona? Mshipa si mgeni aliyeingia kwa nguvu. Mara nyingi ni mtoto wa mwamba uleule.

Halafu kuna milima ya Tianshan, China. Nadhani hiyo ndiyo ingekubadilisha moyo kama ungeisoma kabla ya kupanga sampuli zako. Kuna mshipa unaopita ndani ya shisti ya buluu, na kandokando yake shisti imegeuka eklojiti, kisha ukisogea mbali unarudi kwenye buluu ileile. John na wenzake, mwaka 2012, walipima isotopu za lithi, yaani atomi za elementi hiyo zenye uzito tofauti, kutoka kwenye mshipa kwenda nje. Isotopu nyepesi husambaa haraka kuliko nzito, hivyo ukichora uwiano wao kulingana na umbali, umbo la mchoro linakupa muda. Wakapata kwamba maji yalipita kwa takriban miaka 200. Salma, miaka 200! Bamba linachukua mamilioni ya miaka kuzama, na maji yanapita kwa kishindo kimoja kisha njia inafungwa. Sasa fikiria wangekuwa wameuchonga mshipa na kuchukua mwamba safi. Saa hiyo ingebaki mlimani.

Ndiyo maana sitaki hata ukate karibu na ukingo. Ukingo ndio wenye habari zaidi. Humo utaona nani alikubali kuondoka na maji na nani alibaki: elementi kama boroni na bariamu huchukuliwa kirahisi, ilhali niobi hung’ang’ania ndani ya rutili, madini ya titani, na hiyo ndiyo sababu mojawapo lava za zile volkeno za juu ya bamba zina upungufu wa niobi. Lakini kuna mishipa ya eklojiti yenye rutili ndani yake, maana yake hata titani, ambayo tuliambiwa haisogei, ilisogea, walau hatua chache. Nani angejua hilo kwa kuchambua mwamba safi?

Nilitaka pia kukueleza kuhusu ile mitetemo midogo mirefu aliyoitambua Obara mwaka 2002 chini ya Japani, na ile ya Cascadia, pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, inayorudi kila baada ya miezi kama 14. Wengi wanaihusisha na maji yenye mgandamizo mkubwa yaliyonaswa kwenye mpaka wa mabamba, na mimi naona mishipa inayofunguka na kufungika mara kwa mara ni ndugu wa habari hiyo. Lakini nikianza hapo sitamaliza leo.

Turudi Syros. Ombi langu ni hili. Ukipata mshipa mzuri, chukua mfululizo: katikati ya mshipa, ukingo, halafu vipande ukielekea nje mpaka mwamba usioguswa, na andika umbali wa kila kipande papo hapo, usisubiri jioni. Weka alama ya mwelekeo. Upande wa kaskazini, kwenye ukanda wa Kampos, utakuta vipande vya eklojiti vimekaa ndani ya sepentini, vimevikwa maganda ya madini mengine: kloriti, talki na aktinoliti. Maganda hayo yapo kwa sababu maji yalisafirisha vitu kati ya miamba miwili isiyopatana. Usiyabandue ili upate eklojiti inayong’aa kwa picha! Na tafuta yale maumbo ya losoniti, pembe zake zimebaki lakini ndani kumejaa madini mengine, epidoti na maika nyeupe. Losoniti ilivunjika, maji yakaenda. Yakaenda wapi? Angalia kama kuna mshipa karibu na maumbo hayo, kwa ajili yangu.

Mzee Athumani amekubali kuvikata vipande vyembamba vya darubini, mradi vifike na majina yake sawasawa. Unajua alivyo.

Sasa nijibu. Mpango wako wa sampuli umeshapitishwa, au bado una nafasi ya kuubadilisha? Msimamizi wako atakubali uongeze mishipa, au nimwandikie mwenyewe? Unavyo vibali vya kutosha kuchukua mfululizo mrefu, au utalazimika kuchagua mshipa mmoja tu? Nyundo yako kubwa umempa nani? Rehema anakuja nawe kama alivyosema, au ameghairi tena? Na ukishamaliza Ugiriki, utakuwa na nguvu ya kwenda nami kuziangalia eklojiti za Usagara, Tanzania? Zina umri wa takriban miaka bilioni 2, kwa hiyo mabamba yalikuwa yakizama tangu wakati huo, na ninatamani mno kujua kama mishipa yake imesalia.

Nijibu kabla hujapanda ndege, hata mistari miwili.

Rafiki yako,
Nuru