Mbio Zinapita Mlangoni Petu: Wito wa Harambee ya Kiwanja cha Shule

Ndugu wazazi, wanafunzi wetu wa zamani popote mlipo, na ninyi wakimbiaji mnaokuja Moshi kila mwaka, tunawasalimu kwa heshima na upendo.

Tunaomba mchango wenu ili tusawazishe kiwanja cha shule yetu ya msingi, iliyo kando ya barabara ya kupanda Mweka, na kutengeneza humo njia ya kukimbilia. Lengo letu ni shilingi 24,000,000. Harambee itafanyika hapo hapo shuleni Jumamosi, siku moja kabla ya Kilimanjaro Marathon, kuanzia saa tisa alasiri. Siku hiyo tumeichagua kwa makusudi. Ndiyo siku ambayo watu wetu wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanakuwa wameshafika nyumbani, na wageni wameshachukua namba zao za kifuani, wanazunguka mji wakisubiri kesho.

Mbio hizi zilianza mwaka 2003. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, masika hayajashika bado, mji unafurika. Ukiacha Krismasi, Wachaga wanapopanda kurudi nyumbani kutoka kila pembe, hakuna wikiendi nyingine inayoijaza Moshi namna ile. Gesti za mitaa ya Majengo na Soweto hazina chumba. Mama lishe wanainjika mtori na ndizi nyama tangu usiku. Bodaboda hawalali. Mpagazi aliyeshuka mlimani Ijumaa anapata kibarua kingine Jumapili, kupanga koni barabarani au kubeba maji. Fedha hiyo inaingia moja kwa moja mifukoni mwa watu wa kawaida, na sisi wazazi wa shule hii ni miongoni mwao. Tunasema hivi mapema ili isije ikaonekana kwamba tunalalamikia mbio. Tunazipenda.

Wanaokimbia kilomita 42 huondoka Uwanja wa Ushirika asubuhi mapema, wakashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam jua likiwa bado halina makali, wakageuza na kurudi mjini. Hadi hapo mwili bado una nguvu na maneno bado yapo mdomoni. Kisha kinakuja kilima. Barabara inapanda kuelekea Mweka, migomba na kahawa huku na huku, na haikupi mahali tambarare pa kupumulia. Wa kilomita 21 nao hupanda huko huko. Hapa kwetu ndipo mbio zinapoamuliwa, na watoto wetu wanalijua hilo kuliko watu wa uwanjani wanaoona mwanzo na mwisho tu. Wanajua mkimbiaji aliyebana pumzi na aliyekwisha. Wanajua nani atapita tena akiteremka akiwa wa kwanza.

Jumapili hiyo waumini wa barabara hii huwahi ibada ya kwanza au hupita njia za vihambani, katikati ya migomba, na watoto hujipanga ukingoni mapema kabisa. Mwaka jana wengi wetu tulimwona msichana mmoja wa darasa la sita. Mama mmoja mgeni alikuwa ameacha kukimbia, amesimama kwenye kona ya chini ya shule, mikono magotini. Yule mtoto alivua kandambili zake, akazishika mkono mmoja, akamwendea, akamwambia, "Shikamoo mama, twende, kona ni moja tu." Wakapanda wote wawili taratibu, mtoto mbele kidogo, akigeuka kila mara kumtazama. Walipofika juu, mama yule alikuwa anakimbia tena. Mtoto akavaa kandambili, akarudi kwa wenzake. Hakuwa anahema.

Mtoto wa namna hiyo hatuna pa kumpeleka. Hilo ndilo jambo lenyewe lililotufanya tukae kikao, na ndilo tunalowaletea.

Ninyi mliosoma hapa mnakikumbuka kiwanja. Kimelala kwenye mteremko, na kila masika maji yanayotoka juu yanakikata kutoka goli la juu hadi kona ya chini. Siku hizi mtaro uliochimbwa na maji hayo ni wa kina cha goti la mtu mzima. Mtoto akikimbia mzunguko mmoja anauruka mara mbili. Upande wa mti wa mringaringa mizizi imetokeza juu ya ardhi, na huko ndiko wengi hujikwaa na kuvunjika kucha. Mistari tunachora kwa majivu ya jikoni, kwa sababu chokaa ni fedha, na mvua ya usiku mmoja inayafuta. Mwalimu wa michezo anapima muda kwa simu yake. Pamoja na hayo yote watoto wanashiriki UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na wamo wanaofika mbali. Lakini mwalimu amekiambia kikao waziwazi kwamba hawezi kuwafundisha kukimbia kasi kwenye kiwanja hiki bila kuhofia miguu yao. Akiwapeleka barabarani, kuna magari ya Noah na malori ya mchanga.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, kijana wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha huko Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kushinda dhahabu ya mashindano hayo. Kwa saa zetu ulikuwa bado usiku, nchi imelala, na watoto waliipata habari asubuhi mstarini, siku ya Jumatatu. Mapumziko yalipofika, darasa la nne zima lilikuwa kiwanjani, watoto wawili wameshika kamba ya katani na wengine wanaifuata vifua mbele, kila mmoja anataka awe Simbu. Walimu waliwaacha wachelewe kidogo kurudi darasani, na sisi wazazi tunawapongeza kwa hilo.

Nchi hii ina historia ndefu ya mbio. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989. Baada ya hapo tulisubiri sana. Kwa maoni yetu vipaji havikukauka. Kilichopungua ni mahali pa kuanzia, na mtu wa kumtazama mtoto angali mdogo. Majirani zetu wa Iten, kule Kenya, hawatuzidi mlima. Wametuzidi kumshika mtoto mapema na kumpa njia ya kukimbilia. Ndiyo maana mara nyingi wanakuja Moshi na kuondoka na zawadi, nasi tunawapigia makofi kwa haki, wamestahili.

Sasa kazi yenyewe. Fundi aliyetupimia anasema kiwanja kikatwe upande wa juu na udongo huo ujazwe upande wa chini, kisha ujengwe ukuta wa mawe wa kuushikilia, la sivyo masika ya kwanza yatauteremsha wote kwenye shamba la jirani. Katapila na greda ya kusawazisha ni shilingi 7,500,000. Ukuta, kwa maana ya mawe, saruji, mchanga na ufundi, ni 9,000,000, na hapo ndipo penye uzito, kwa hiyo tunawaomba mpatazame zaidi. Mtaro wa kujengea wa kupitisha maji pembeni ni 3,500,000. Viatu vya mazoezi, saa za kupimia muda, koni na chokaa vimetengewa 2,400,000. Zinazobaki, 1,600,000, ni za dharura, maana bei ya saruji haikai mahali pamoja. Njia ya kukimbilia itakuwa ya udongo wa moramu, mzunguko wa mita 200. Ya mita 400 haienei, tumepima. Mita 200 zinawatosha watoto wa umri huu.

Hatuji kwenu mikono mitupu. Wazazi tumeshaahidi shilingi 4,600,000, na sehemu kubwa imeshalipwa. Zaidi ya hapo, kila kaya itatoa mtu mmoja wa msaragambo kila Jumamosi mpaka ukuta uishe: kukusanya mawe ya mtoni, kuchimba msingi, kubeba maji ya zege. Wazee wawili wasioweza kubeba jembe wamejitolea kulinda vifaa usiku. Mzazi mwenye lori la Fuso ameahidi tripu za mawe kwa gharama ya mafuta tu.

Mchango huu ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kuitwa jina mstarini kwa sababu mzazi wake hakutoa. Elimu ya msingi haina ada, na kamati haitaruhusu harambee igeuzwe kuwa ada kwa mlango wa nyuma. Kibali cha kuchangisha kimeshatolewa na halmashauri, na nakala imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Fedha zote zitaingia akaunti ya shule. Kila mchango utakatiwa risiti, hata wa shilingi 1,000, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya mkutano wa wazazi, senti kwa senti.

Anayetaka kitu cha kushika atachagua mwenyewe. Mfuko mmoja wa saruji ni kama shilingi 18,000. Jozi moja ya viatu vya mtoto ni 30,000. Mliosoma pamoja mnaweza kujikusanya kwa mwaka wenu wa kumaliza mkabeba kipande kizima cha ukuta; waliomaliza mwaka 1998 wameshatangulia, na wa 2004 tunaambiwa wanakuja kwa kishindo. Wakimbiaji, nanyi mkitaka, changieni kwa kilomita: kila mmoja ajipangie kiasi kwa kila kilomita atakayomaliza. Atakayeishia njiani tutampokea kwa furaha ile ile.

Siku ya harambee kutakuwa na mnada, kama ilivyo desturi yetu. Mpaka tunapoandika, mbuzi wawili, jogoo, mikungu ya ndizi na gunia la maharage vimeshaahidiwa. Akina mama wa darasa la awali watapika kiburu na mtori, na mauzo yote yataingia kwenye mfuko wa kiwanja. Saa kumi na moja kamili watoto watakimbia mizunguko mitano kwenye kiwanja hicho hicho kilivyo, mtaro na mizizi yake. Tunawaomba mkae upande wa mringaringa mwone kwa macho yenu, na wageni wenye mbio kesho yake wasishawishike kuingia, waitunze miguu yao.

Asiyeweza kufika anaweza kutuma mchango wake kwa namba ya akaunti iliyo kwenye barua aliyopewa kila mzazi, au kumkabidhi mjumbe wa kamati aliye karibu naye. Tafadhali andikeni jina na mwaka mliomaliza, ili risiti iwafikie. Ahadi zitapokelewa hadi mwisho wa Aprili. Katapila tumelipangia Juni, mvua zikishakatika.

Kwa niaba ya wazazi, walimu na wanafunzi,
Kamati ya Shule