Barua kwa mwanangu, kabla hujashuka mgodi wa chumvi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku wote hatujambo. Mama yako ana mzigo wa kayabo, samaki wa chumvi, wa kwenda Kongo, kwa hiyo nyumba nzima inanuka chumvi na sangara, na labda ndiyo maana habari yako imetukuta katikati ya mambo yake. Unasema chuo kitawapeleka Wieliczka, kwenye mgodi wa chumvi ulio karibu na Kraków, huko Poland. Nimeona nisikujibu kwa ujumbe wa simu. Mgodi ule una mambo ambayo mtu hupita mbele yake bila kuyaona kama hakuambiwa atazame wapi.

Wengi hutoka mle na picha za sanamu. Ni nzuri kweli, na mimi sikuzuii kupiga. Ila wewe umekulia kwenye nyumba ya mtu wa migodini, kwa hiyo nataka utazame kitu kingine: maji. Uyatafute popote utakapopita. Tazama yanaingilia wapi, yanakusanywa wapi, na yanazuiwa kwa nini yasifike mahali fulani. Ukiyafuata maji utauelewa mgodi wote.

Kwanza habari za safari yenyewe. Kutoka stesheni kuu ya Kraków kuna treni, nayo hufika Wieliczka chini ya nusu saa. Shukia kituo cha mwisho, Wieliczka Rynek-Kopalnia, kisha utembee kidogo. Hapo ndipo wengine hukosea, maana kuna milango miwili. Njia ya kawaida ya watalii huanzia shimo la Daniłowicz. Njia ya wachimbaji, ambako hupewa ovaroli, helmeti na taa na kushikishwa kazi ndogo ndogo, huanzia shimo la Regis, mahali pengine kabisa mjini. Soma tiketi yako vizuri. Tiketi huwa na saa na lugha ya mwongozaji. Ukichelewa kundi lako litakuwa limeshashuka, na humo hakuna kujiendea peke yako. Begi kubwa haliruhusiwi, hivyo beba dogo la begani tu.

Kushuka ni kwa miguu. Ngazi za mbao 380 hivi zitakufikisha tabaka la kwanza, mita 64 chini, sawa na kuteremka jengo la ghorofa ishirini. Safari nzima ina ngazi kama 800 na huishia mita 135. Zile za mwanzo zinazunguka upande mmoja tu muda wote, na ndizo zinazowatia watu kizunguzungu. Shika mkono wa ngazi, tazama kidato kilicho mbele yako, usichungulie katikati kwenye uwazi. Magoti hutetemeka ukifika chini kwa sababu msuli wa paja umekuwa ukifunga breki kila hatua. Usiogope, hutulia ukitembea dakika chache. Vaa raba zenye soli inayoshika. Ardhi imelainishwa na nyayo za watu wa miaka mingi, na penye unyevu chumvi huteleza kama sabuni.

Baridi yake ni nyuzi 17 au 18, kama alfajiri ya mwezi wa saba hapa Mwanza. Sweta moja inatosha, hata kama juu kuna theluji. Ukiingia na koti zito utatokwa jasho kwenye ngazi, kisha jasho likupoe ukiwa umesimama unamsikiliza mwongozaji, na mafua hapo hayakukosi. Ziara huchukua saa mbili hadi tatu. Vyoo vipo njiani.

Sasa tuje kwenye mgodi wenyewe. Unayajua mawe yetu, Jiwe la Bismarck na yale mengine ya vilimani. Granaiti ile imenyeshewa mvua tangu zamani za kale na bado imesimama. Chumvi ingewekwa mahali pake, masika machache yangeyeyusha yote ikaishia ziwani. Lita moja ya maji hula gramu 360 hivi za chumvi kabla ya kushiba. Ndiyo sababu chumvi ya Wieliczka, iliyobaki pale baada ya bahari kukauka miaka milioni 13 hivi iliyopita, iliweza kudumu hadi leo: imefunikwa na kuzungukwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Milima ya Carpathia iliposukumana ikaikunja ile chumvi, na sehemu ya juu ikavunjika kuwa mapande makubwa yaliyozama ndani ya udongo, kama mawe kwenye tope. Mchimbaji wa zamani akikuta pande moja alilitoa lote, akaacha udongo. Kwa hiyo utaona vyumba vya maumbo ya ajabu, kimoja kimeinama, kingine kirefu kwenda juu. Kila chumba ni umbo la pande la chumvi lililokuwepo.

Rangi yake pia isikudanganye. Ukuta ni wa kijivu, karibu mweusi, na mgeni hudhani ni jiwe la kawaida. Ule ukijivu ni udongo uliochanganyika. Sogeza taa ya simu karibu kabisa na ukuta, ubavuni, nawe utaona chembe zinazong'aa kwa pembe za mraba.

Chumvi walianza kuichimba chini ya ardhi katika karne ya 13. Mfalme Kasimir Mkuu aliweka sheria za mgodi mwaka 1368, na mapato ya chumvi yalijaza sehemu kubwa ya hazina yake. Uchimbaji wa kibiashara ulikoma 1996. Kwa karne hizo zote wamefika mita 327 kwenda chini, kwa matabaka tisa, na njia zake zikiunganishwa zinapita kilomita 240. Mtalii huonyeshwa kilomita tatu na kitu tu.

Ukifika kwenye vyumba vikubwa, inua kichwa uangalie matimba, yaani magogo yanayoshikilia dari. Hapo Geita wachimbaji wadogo wanajua duara, yaani shimo la kuchimbia, lisilo na matimba mwisho wake ni nini. Wieliczka utaona matimba ya mita kwa mita, magogo yamepangwa kwa kupishana kama vibanda virefu kutoka sakafuni hadi darini. Chumba cha Michałowice kina kimo cha mita 35, na mbao zake peke yake ni kazi ya maseremala ya kusimama na kuistaajabia. Utauliza kwa nini hawakuweka chuma. Chuma mle huliwa na kutu upesi. Mbao hunyonya chumvi, wadudu na ukungu haviziwezi, nazo huwa ngumu karibu na jiwe. Na kuna faida nyingine ambayo mtu wa mgodini huithamini zaidi. Chumvi ikikandamizwa na uzito wa ardhi hutembea polepole sana, chumba hujifunga kidogo kidogo. Gogo huminywa, hupasuka nyuzi, hulia. Mchimbaji anasikia mlio huo mapema akaondoka. Chuma kikishindwa hakikupi muda kama huo. Tafuta gogo lililobonyea pale lilipobanwa na jingine: nyuzi zake zimetanuka pembeni kama ufagio, na juu yake pameota unywele mweupe wa chumvi. Hilo gogo limebeba mzigo kweli.

Mbao nyingi zimepakwa chokaa nyeupe. Zamani taa zilikuwa hafifu, na weupe uliwasaidia kuona.

Narudi kwenye maji. Utapita penye maziwa ya chini ya ardhi, kijani na tulivu. Usishangae kwamba hayaili kuta. Yameshashiba chumvi, hayana nafasi ya kula zaidi. Maji ya kuogopwa ni yale yasiyo na chumvi yanayotoka nje. Utaona mifereji ya mbao na mabomba madogo kandokando ya njia. Kila tone linakusanywa, linapelekwa kwenye pampu, na huko juu maji hayo huvukizwa kupata chumvi ya mezani. Mgodi uliofungwa bado unatoa chumvi, na chumvi hiyo inatokana na kuvuja kwake.

Mara mbili kuvuja kumetaka kuuangamiza. Mwaka 1868 walikuwa wakitafuta chumvi ya potasi kwenye njia iitwayo Kloski, upande wa kaskazini, wakatoboa nje ya ule udongo wa mfinyanzi wakakutana na mchanga wenye maji. Mwaka 1992 ikatokea tena kwenye njia ya Mina, upande huohuo. Maji peke yake yangekuwa na afadhali. Haya yalikuja na mchanga. Mchanga ukitoka chini, juu panabaki uwazi, na uwazi hauvumilii: ardhi ya mjini ikazama, reli ikabaki inaning'inia, na nyumba ya watawa ikapasuka. Ukimwona mwongozaji amefika hapo kwenye maelezo, sikiliza kwa makini. Kosa ni lilelile mara mbili: kuusogelea mno ukingo unaozuia maji.

Maji ya tatu ni yako wewe. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapozidi asilimia 75. Mama yako anaijua habari hii bila namba: gunia la chumvi likiachwa wazi masika, asubuhi chini pana dimbwi. Pumzi ya mtu inatoka na unyevu karibu asilimia mia. Sasa zidisha kwa makundi ya kila siku, mwaka mzima. Sanamu zilianza kufifia, pua na vidole vikawa mviringo kama sabuni iliyotumika. UNESCO, iliyouingiza mgodi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978 pamoja na sehemu za kwanza kabisa duniani, iliuhamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1989. Wakafunga mitambo ya kukausha hewa kabla haijaingia vyumbani, na mwaka 1998 ukatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Kwa hiyo mwongozaji akisema msiguse sanamu, mtii. Kiganja kina jasho. Utasikia pia kwamba watalii huruhusiwa kulamba ukuta. Ukitaka kuonja, chagua mahali pasipoguswa sana na mikono ya watu.

Utapita milango miwili miwili, na mwongozaji hatafungua wa pili mpaka wa kwanza ufungwe. Usiharakishe, na usiushikilie mlango kwa kumwonea huruma aliyechelewa. Milango hiyo ndiyo inayoongoza hewa. Ikiachwa wazi yote miwili upepo hupita njia ya mkato, na sehemu nyingine hukosa hewa.

Kikanisa cha Mtakatifu Kinga kiko mita 101 chini. Urefu wake ni mita 54, upana 18, na kimo mita 12 hivi. Kilianza kuchongwa 1896 na wachimbaji wenyewe: ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski, kisha Antoni Wyrodek. Sakafu utakayoikanyaga inaonekana kama vigae, lakini hakuna kigae kilichowekwa. Ni chumvi ileile ya chini iliyochorwa mistari. Taa za kuning'inia zinang'aa kama kioo kwa sababu chumvi yake iliyeyushwa na kugandishwa upya ikaacha udongo wake. Simama mbele ya Karamu ya Mwisho ya Wyrodek, kisha usogee pembeni: kina chake ni cha sentimita chache tu, ila ukiwa mbele unaona chumba kizima. Jumapili husomwa Misa humo. Bibi yako amesisitiza nikuandikie hilo.

Kuna sanamu za watu wanaotambaa wakiwa na mienge kwenye miti mirefu. Usipite haraka. Metheni, gesi ya mgodini inayolipuka, ni nyepesi kuliko hewa, hukusanyika darini. Watu wale walilowesha nguo, wakalala chini, wakainua moto juu ili gesi iungue ikiwa bado kidogo. Ikishakuwa nyingi, hakuna nguo ya maji itakayomwokoa mtu. Na yale magurudumu makubwa ya mbao ya kunyanyulia chumvi yalizungushwa na farasi walioishi humo chini miaka mingi. Wa mwisho, Baśka, alitolewa mwaka 2002.

Kutoka ni kwa lifti ya wachimbaji. Ni finyu, giza, mnabanwa bega kwa bega, lakini haimalizi dakika. Foleni ndiyo ndefu. Usipange treni ya kurudi kwa kuhesabu dakika.

Nimesikia dukani huuza taa na vinyago vya chumvi. Ukinunua kwa ajili yetu, kifunge kwenye plastiki mbili na uweke punje za mchele katikati. Kikifika hapa ziwani hakitakaa sebuleni wakati wa masika. Usiku unyevu wetu unapita ile asilimia 75 na kitalia maji mpaka mezani. Mama yako ameshapachagua pa kukiweka: kabatini, juu ya jiko la mkaa, ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Andika ukishatoka, utuambie matimba ya Michałowice yalikuwaje.

Baba yako