Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa Elimu ya Umma, Jimbo la Arizona

Mheshimiwa,

YAH: LUGHA YA NYUMBANI IONEKANE KATIKA WASIFU WA SHULE ZA MKATABA

Ninakuandikia nikiwa mzazi mzungumzaji wa Kiswahili hapa Phoenix, kuhusu takwimu za shule za umma, na hasa shule za mkataba, ambazo sheria ya mwaka 1994 iliziruhusu ziendeshwe na bodi zake zenyewe na ambazo mzazi huchagua mwenyewe badala ya kupangiwa kulingana na mtaa anaoishi. Mzazi aliyeachiwa kuchagua hana budi kuwa na takwimu zinazomweleza shule inafundisha watoto wa namna gani.

Shule ya darasa la sita hadi la nane inapotoa wasifu wake, huonesha idadi ya walioandikishwa pamoja na makundi saba ya asili yaliyowekwa na serikali kuu. Katika kundi la weusi, mtoto ambaye ukoo wake umeishi Marekani kwa karne nyingi huhesabiwa pamoja na mtoto wa Kibembe, kabila la mashariki mwa Kongo, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wote wawili ni weusi, na sina ugomvi na hilo. Lakini mmoja wao anahitaji kufundishwa Kiingereza kabla hajaweza kufuata somo la sayansi, na anayesoma jedwali lile hawezi kujua kama shule hiyo imewahi kumpokea mtoto wa aina yake.

Taarifa yenyewe mnayo. Fomu ya lugha ya nyumbani huuliza lugha inayozungumzwa zaidi nyumbani, lugha anayoizungumza zaidi mwanafunzi, na lugha aliyoanza nayo. Jibu lolote lisilo Kiingereza humpeleka mtoto kwenye AZELLA, mtihani wa jimbo unaopima Kiingereza chake. Nimekaa na akina mama wakijaza fomu hiyo, na nimeona kalamu inavyosita: mtoto alianza na Kibembe, nyumbani ni Kiswahili, na wenzake anacheza nao kwa Kiingereza. Wapo wanaoandika Kiingereza mahali pote patatu, wakihofia kwamba mtoto atarudishwa darasa. Mtoto huyo hapimwi, hapewi msaada anaostahili kisheria, na shule nayo hukosa nyongeza ya fedha inayotolewa kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Hesabu ya shule inaharibika pale pale mezani, siku ya kuandikishwa.

Ninafahamu kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda siri za mwanafunzi, na kwamba idadi ndogo sana inaweza kumfichua mtoto. Hapo idadi ifichwe, au ijumlishwe kwa wilaya. Minnesota, jimbo lililotangulia kutunga sheria ya shule za mkataba mwaka 1991, lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kuyachambua makundi haya kwa undani zaidi, kwa hiyo jambo hili linatekelezeka.

Ninaomba, Mheshimiwa, wasifu wa kila shule uoneshe lugha za nyumbani za wanafunzi wake na idadi ya wanaojifunza Kiingereza, mwaka hadi mwaka. Ninaomba pia fomu hiyo ipatikane kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya uandikishaji, ikiwa na sentensi moja ya wazi kwamba jibu la mzazi halitamrudisha mtoto darasa, kabla ya uandikishaji wa mwaka ujao wa masomo.

Wako mtiifu,
Mzazi, Phoenix