Vyuo vikuu vifungue milango kwa tiba ya sanaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu siku hizi ni legelege, na kwamba dawa yao ni kukazwa zaidi. Mimi ni mshauri nasaha wa wanafunzi. Ninaokutana nao si wavivu wala wadekaji. Ni vijana walioondoka nyumbani kwa mara ya kwanza wakiwa wamebeba matumaini ya ukoo mzima, kisha wakafeli somo moja wakaona ndio mwisho wa dunia.

Utafiti wa mradi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapatao 14,000, katika vyuo 19 vya nchi 8. Asilimia 35 walionekana kuwahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili, kama sonona au wasiwasi uliopitiliza. Ofisi zetu haziwezi kuupokea umati huo mmoja mmoja. Na hata zingeweza, wengi wasingekuja. Mwanafunzi akiambiwa "keti, nieleze kinachokusumbua", hujibu "niko sawa" huku akiutazama mlango.

Sasa mweke huyo huyo kwenye kundi dogo, mpe karatasi na mkaa wa kuchorea. Mwanafunzi mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie haya bila jina lake, alichora mstari mmoja mzito, akaichana karatasi, akanyamaza. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwezeshaji alimsogezea gundi tu. Baada ya muda akaanza kubandika vipande kwa mpangilio mwingine, na kipande kimoja akakiacha nje kwa makusudi. Mwishoni waliombwa waandike sentensi moja ambayo picha ingeitamka kama ingekuwa na mdomo. Yeye aliandika: "Nimechoka kujifanya mzima." Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu mwenyewe, tukaanzia hapo.

Hiyo ndiyo tiba ya sanaa za kujieleza: kuchora, kuandika, kucheza ngoma, kuigiza na muziki, mtu akihama kutoka sanaa moja hadi nyingine ndani ya kikao kimoja. Paolo Knill, mmoja wa waasisi wake, alisisitiza kwamba haihitaji ustadi mkubwa, ila inahitaji usikivu mkubwa. Naomba wakuu wa vyuo walishike hili, kwa sababu kila ninapolizungumzia naelekezwa kwenye tamasha la vipaji. Tamasha lina majaji na washindi. Mwanafunzi aliyechoka kupimwa hahitaji jukwaa jingine la kupimwa.

Na ustahimilivu unatoka wapi humo? Rangi humwagika, wimbo hupotea katikati, mwenzako hukosea hatua mkagongana. Papo hapo unalazimika kuamua: niache, nirekebishe, au nilifanye kosa liwe sehemu ya kazi? Kijana anayerudia uamuzi huo wiki baada ya wiki, mbele ya wenzake wasiomcheka, anajizoeza kuinuka mahali ambapo kuanguka hakumgharimu shahada.

Ushahidi upo. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi walioandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao katika miezi iliyofuata. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kutengeneza kazi za sanaa. Ilishuka kwa takriban asilimia 75 yao, na uzoefu wa awali wa sanaa haukuleta tofauti. Ni tafiti ndogo, lakini haziruhusu mtu kusema huu ni mchezo wa watoto.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini. Wale wanafunzi wa Pennebaker, mara tu baada ya kuandika, walikuwa na huzuni zaidi. Kidonda kikifunguliwa, lazima awepo anayejua kukifunga. Kwa hiyo mwezeshaji awe amesomea kazi hii, asimlazimishe mtu kushiriki wala kuonyesha alichokifanya, na mwenye dalili nzito, hasa anayewaza kujiua, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kila chuo kitenge ukumbi mmoja kwa saa mbili kila wiki tangu wiki ya kwanza ya muhula, kisingoje msimu wa mitihani ambapo wengi wameshazama. Kimwajiri mwezeshaji mwenye mafunzo. Kisiandikishe mahudhurio, kisitoe alama, na kazi za wanafunzi zibaki mali yao, zisibandikwe ukutani wageni wakija.

Wako,
Mshauri nasaha wa chuo kikuu