Barua ya wazi kwa Kamishna wa Polisi Jamii: Mtoa taarifa alindwe kwanza

Kwa: Kamishna wa Polisi Jamii,
Jeshi la Polisi Tanzania,
Makao Makuu, Dodoma.

YAH: USALAMA WA RAIA ANAYETOA TAARIFA ZA UHALIFU

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye kata mojawapo kati ya zile ambazo nyumba zilitangulia, barabara na taa zikafuata, na kwingine hadi leo hazijafika. Jina la kata sitalitaja. Ukifika katikati ya barua utaelewa sababu.

Kwanza pokea shukrani, maana zinastahili. Tangu Jeshi lilipoanza kupanga wakaguzi wa polisi kwenye kata, askari tunamjua kwa sura. Zamani kwetu polisi alikuwa difenda linalopita na vumbi lake, au kaunta unayoisogelea kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, ukiwa umeshaibiwa. Leo namba ya afande imebandikwa mlangoni pa ofisi ya serikali ya mtaa, na afande mwenyewe anaingia shule ya msingi kuwaeleza watoto waende kwa nani wakifanyiwa ukatili nyumbani. Wenye umri wangu tunakumbuka Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, alipoingia madarakani mwaka 2006, alivyolipigia debe suala la polisi jamii, na ile kaulimbiu ya utii wa sheria bila shuruti ikasikika kila redio. Wengi tulidhani yatapita. Hayakupita, na hilo ni la kuwapongeza.

Lakini mpango wote huu, Ndugu Kamishna, unategemea jambo moja: raia aseme anachokijua. Na raia hasemi. Mnatulaumu kwamba tunawaficha wahalifu, kwamba tunalea. Naomba unisikilize kwa nini watu wanakaa kimya.

Kuna mama jirani yetu anauza genge: nyanya, vitunguu, dagaa, mkaa wa kupima kwa kopo. Nyuma ya genge lake palikuwa na banda ambalo vijana walikuwa wakileta simu za kuporwa usiku, asubuhi anakuja mtu na begi kuzinunua. Mama yule aliliona jambo hilo kwa muda mrefu. Siku mjukuu wa jirani alipokabwa na kuumizwa shingo akiwahi daladala ya alfajiri, akasema imetosha. Akaenda kituo cha polisi, ambacho nacho sitakitaja. Akasimama kaunta. Nyuma yake kwenye benchi wamekaa watu sita au saba, kila mmoja na shida yake. Askari akamuuliza kwa sauti ile ile anayotumia kwa kila mtu: "Mama, unasema wanaitwa nani? Banda liko upande gani?" Akajibu. Ikaandikwa. Akashukuriwa, akarudi zake.

Jioni ile, kabla ya adhana ya magharibi, kijana mmoja wa lile banda akafika gengeni. Akanunua nyanya za mia tano, akalipa, akasubiri chenji. Kisha akamuuliza kwa upole kabisa: "Mama, leo kituoni kulikuwa na foleni?"

Hakumtukana wala hakunyanyua mkono. Mtaa mzima ulizipata habari zile kabla ya usiku kuingia, na tangu siku hiyo jaribu kumwambia mtu yeyote pale kwetu apeleke taarifa polisi uone atakavyokutazama.

Simtuhumu askari yule kwamba aliwapigia simu. Huenda hakufanya hivyo. Inawezekana ni mtu wa kwenye benchi aliyesikia jina akalipeleka. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa askari mbaya anaweza kufukuzwa kazi, ila kaunta iliyojengwa ili kila mtu asikie inaendelea kuvujisha hata akikaa askari mwadilifu kuliko wote. Ninavyojua, vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo lilianzishwa kwa kutambua kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili hawezi kusimulia mbele ya watu. Mnajua basi umuhimu wa faragha. Anayekuja kumtaja jambazi anayelala nyumba ya tatu kutoka kwake anaihitaji kwa kiwango kile kile.

Nchi ina sheria ya jambo hili. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Waulize wakazi wa mtaa wowote kama wameisikia. Kwenye vituo nilivyowahi kuingia nimeona mabango ya kukataza rushwa, mabango ya kutii sheria, picha za viongozi. La kumweleza raia kwamba sheria inamlinda anapotaja uhalifu sijaliona.

Halafu kuna mikutano yetu ya hadhara. Niliwahi kuhudhuria mmoja, chini ya mwembe, mkaguzi wa kata akiwa mgeni rasmi. Alizungumza vizuri sana juu ya malezi na dawa za kulevya. Mwishoni akasema: "Haya, nani ana taarifa za wahalifu? Nyoosheni mikono, msiogope." Nyuma kabisa, wameegemea pikipiki zao, walikuwepo wale wale ambao kila mtu pale alikuwa akiwawaza. Hakuna mkono ulionyooshwa. Mwenyekiti akasimama kwa hasira akatuambia tunalea majambazi. Baadaye likaletwa sanduku la maoni, la mbao, na kufuli zuri, likatundikwa ukutani mwa ofisi ya mtaa, mita chache kutoka kijiwe cha bodaboda. Anayetaka kutumbukiza karatasi avuke uwazi wote ule huku anatazamwa. Sijamwona aliyevuka.

Ukimya huu una gharama, na gharama yake mnaiona kila mara kwenye taarifa zenu: mtuhumiwa kapigwa hadi kufa na "wananchi wenye hasira kali". Watu husema ni ukatili wa raia, na kweli ni ukatili. Mimi sitautetea hata siku moja. Lakini angalia unavyozaliwa. Yule ambaye anaogopa kumtaja mwizi akiwa peke yake kaunta, haogopi kurusha jiwe akiwa kati ya watu mia. Kundi halina jina. Kijana wa banda hawezi kumfuata mtu gengeni kesho yake na kumuuliza kuhusu foleni. Kadiri njia ya kisheria inavyokuwa ya hatari kwa raia mmoja mmoja, ndivyo njia ya mawe na matairi inavyoonekana salama.

Septemba 2022 Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipovamia nyumba huku Dar es Salaam, wakaua mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kawe na kujeruhi watu Chanika, wengi walikuwa vijana wadogo sana. Kijana hageuki mvamizi wa mapanga kwa usiku mmoja. Yupo mama aliyemsikia akifungua mlango saa nane za usiku, na jirani aliyeona televisheni isiyo na mwenyewe ikiingizwa ndani. Operesheni ilipoanza, baadhi ya watuhumiwa waliuawa kwa risasi. Nataka ulifikirie hili ukiwa mzazi: mama anayejua mwanawe anatoka na panga usiku atamleta kwenu kwa mikono yake, ilimradi awe na hakika atafika mahakamani akiwa hai. Asipokuwa na hakika hiyo, atanyamaza, na atawalilia wote wawili, mwanawe na aliyechomwa panga. Mnapohimiza familia zisifiche wahalifu, hapo ndipo penye jibu mnalotakiwa kulitoa kwanza.

Naomba sasa nikueleze kuhusu mkaguzi mmoja tuliyekuwa naye, mwanamke, maana alifanya kazi ambayo natamani ifundishwe chuoni kwenu Moshi. Hakupenda kipaza sauti. Alikuja kwenye misiba akakaa jamvini na wanawake. Siku za kikoba alipita kusalimia. Alikunywa chai kwa mama ntilie, akalipa, akaondoka, na hakuna aliyemwona akiandika kitu. Watu walianza kumwambia mambo. Na alikuwa na hekima moja kubwa: ukimwambia leo, hachukui hatua leo. Anaacha siku zipite. Halafu inakuja doria inayoonekana ya kawaida, inasimamisha watu kadhaa barabarani, inapekua nyumba mbili zisizohusika na ile moja inayohusika. Hata sisi tuliokuwa tunajua tulishindwa kusema taarifa ilitoka kwa nani.

Ni yeye aliyelishughulikia pagale. Kila mtaa wa Dar una pagale lake: nyumba iliyosimama kwenye lenta, mwenyewe yuko mkoani au fedha zilikata, majani yamefika dirishani. La kwetu lilikuwa kando ya njia inayotoka kituo cha daladala, na hapo ndipo watu walipokabwa, wengi wao wasichana wanaotoka kazini usiku. Afande yule alikaa na mwenyekiti wakamtafuta mwenye nyumba kwa simu mpaka akapatikana, wakakubaliana milango na madirisha yazibwe kwa tofali na majani yafyekwe. Muuza chipsi akaombwa asogeze banda lake na taa yake hadi kona ile. Hakuna aliyekamatwa siku hiyo. Lakini dada zetu wakaanza kupita. Je, kwenye ripoti ya mwezi kazi ile iliandikwa wapi? Kama mkaguzi anapimwa kwa idadi ya waliokamatwa, alipata sifuri.

Akahamishwa. Uhamisho ni sehemu ya kazi yenu, nalijua hilo. Ila namba ya simu tuliyokuwa tukimpigia ilikuwa yake binafsi, ikaondoka naye. Aliyekuja baada yake hakutambulishwa na mtu. Sisi hatumjui, na yeye hatufahamu. Imani iliyojengwa msiba kwa msiba ikafutika kwa barua moja ya uhamisho.

Kuhusu ulinzi shirikishi nitasema kwa ufupi. Asili yake tunaijua: Sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya kujilinda, walianza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na unyang'anyi ulipozidi, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili watambuliwe. Walirudisha ng'ombe, na waliwaumiza pia wasio na hatia. Vijana wetu wa leo wenye virungu na filimbi wamerithi yote mawili. Wapo wanaokesha kwenye mvua kwa posho isiyotosha hata vocha na chai. Wapo pia wanaomsimamisha mpishi wa hotelini anayerudi saa saba usiku wakamtoza fedha ili apite. Sheria inaruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa, na kumfungia mtu stoo ya ofisi ya mtaa mpaka ndugu zake walete fedha hakumo humo. Mkaguzi wa kata awafundishe hilo kabla hawajapewa kirungu. Orodha ya majina yao ibandikwe wazi, na anayechangia ulinzi apewe stakabadhi.

Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, na ilitaka mabadiliko makubwa ndani ya Jeshi. Hayo ni ya ngazi za juu na yana fedha zake na muda wake. Ninayokuomba mimi yanaweza kuanza kwa waraka wako mmoja.

Kila kituo, hata kile kidogo cha kontena, kitenge mahali pa kumsikiliza mtoa taarifa bila masikio mengine. Hata chumba cha stoo na viti viwili kinatosha. Askari wa kaunta afundishwe kuuliza swali moja tu, "Ungependa tuzungumze pembeni?", kabla ya kuuliza majina. Kila kata iwe na laini yake ya simu, ambayo mkaguzi anayeondoka anamkabidhi anayeingia, na huyo anayeondoka amzungushe mwenzake misibani, vijiweni, misikitini na makanisani, watu waone kwamba amemwamini. Mkaguzi mzuri aachwe kwenye kata miaka mitatu angalau. Masanduku ya maoni yahamishiwe mahali mtu anapoweza kupita bila kutazamwa, kama zahanati au sokoni. Na aliyetoa taarifa apate mrejesho, hata wa maneno mawili, kwamba lile jambo linafanyiwa kazi; watu wengi hukata tamaa kwa kudhani karatasi yao ilitupwa.

La mwisho ndilo zito. Askari anapothibitika amevujisha jina la mtoa taarifa, hatua alizochukuliwa zitangazwe. Mnatangaza mlipomkamata mwizi wa pikipiki, na picha yake mnaitoa. Tangazeni na hili, kwenye redio zile zile, ili mama wa genge asikie kwa masikio yake kwamba aliyemtaja hadharani alipoteza kazi. Nasubiri majibu yako hadharani, kama nilivyokuandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Dar es Salaam

Nakala: Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania